Muulize Fundi: Ruta mpya yajigongea mlango wake

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Umoja. Kisanduku chetu cha faiba kiko sebuleni juu ya kabati la TV, na Wi-Fi yake ikifika chumba cha kulala huwa imechoka kabisa. Wiki jana nilipanda matatu hadi Luthuli Avenue nikanunua ruta ya pili kwa shilingi 2,800. Muuzaji aliijaribu mbele ya macho yangu, ikacheza video bila shida. Nyumbani nimevuta waya kutoka kwa kisanduku hadi chumbani, nikauchomeka kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti. Simu inaipata Wi-Fi mpya, alama zote zimejaa, lakini chini yake imeandikwa haina intaneti. Sebuleni mambo yako sawa. Kijana wangu ameshabonyeza reseti kwa pini mara tatu. Aliingia pia kwenye ukurasa wa ruta mpya akaninakilia haya: WAN, anwani 192.168.1.5, lango 192.168.1.1. LAN, anwani 192.168.1.1. Nirudishe hii ruta dukani? Risiti ninayo.

JIBU: Mama, risiti itunze, lakini usipande matatu bado. Na huyo kijana mnunulie soda. Wengi huniandikia “Wi-Fi imekataa” halafu basi, wananiachia nibahatishe. Yeye amenakili namba tatu, na ugonjwa wote umo humo.

Kwanza sahau zile alama zilizojaa. Zinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta, hakuna zaidi. Ruta isiyochomekwa waya wowote nyuma yake, ukiiwasha, itakujazia alama vilevile.

Sasa tazama 192.168.1.5. Hiyo ni anwani ambayo kisanduku cha sebuleni kimeipa ruta mpya kupitia waya wako, kwa hiyo waya ni mzima. Ungekuwa umekatika, pale pangesomeka 0.0.0.0.

Shida ni namba mbili za mwisho. Ruta inaambiwa: ukitaka kutoka nje, pitia lango la 192.168.1.1. Na yenyewe, kwa watu wake wa chumbani, inaitwa nani? 192.168.1.1. Ni kama umwelekeze mtu wa boda mlango namba 10 naye anaishi mlango namba 10: atajigongea mwenyewe mpaka usiku. Ujumbe wa simu yako unafika kwa ruta na hapo ndipo unapolala.

Wala si kosa la muuzaji. Anwani zote zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1996, ndiyo maana namba hiyohiyo iko kwako Umoja na iko kwa mtu Uingereza bila kugongana. Watengenezaji nao wanaipenda sana 192.168.1.1. Bila shaka dukani waliichomeka kwenye mtandao wenye namba nyingine, ikapita. Na reseti haikusaidia kwa sababu kila ukibonyeza, unairudishia jina lilelile. (Kijana asije akaijaribu pini hiyo kwenye kisanduku cha sebuleni! Huko inaweza kufuta jina na nenosiri ambavyo kampuni ilijaza, na utakaa gizani ukingoja wakurudishie.)

Dawa ya haraka ni kuibadilishia ruta mpya anwani ya LAN, yaani ya upande wake wa ndani, iwe, tuseme, 192.168.50.1. Itafanya kazi. Lakini mimi singefanya hivyo kwako, kwa kuwa nyumba itagawanyika mitandao miwili, na siku ukitaka kurusha video kutoka simu ya chumbani hadi TV ya sebuleni, simu haitaiona TV. Wewe unachohitaji ni Wi-Fi ifike mbali tu.

Kwa hiyo chomoa ule waya wa WAN kwanza. Zima data ya simu. Hili watu hulisahau: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hukimbilia bando, na ukurasa wa ruta unakataa kufunguka. Unganisha simu na Wi-Fi mpya, andika 192.168.1.1 kwenye brauza, uingie. Ukiona chaguo la “Access Point”, yaani ruta isambaze Wi-Fi tu, lichague, hifadhi, rudisha waya, kazi imeisha. Usipoliona, badilisha anwani ya LAN iwe 192.168.1.254, hifadhi, ingia tena kwa namba hiyo mpya, kisha zima DHCP, ile kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa kisanduku cha sebuleni peke yake. Halafu urudishe waya, lakini sasa kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Tundu la WAN libaki tupu. Najua linakuvuta, liache.

SWALI: Fundi, niko Kawangware. Tangu jana taa ya LOS inawaka nyekundu. Nimezima na kuwasha hadi nimechoka.

JIBU: Ndugu, hapo mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku, na hakuna setingi itakayouleta. Angalia ule waya mwembamba nyuma ya kochi: umekunjwa kwa kona kali? Umebanwa na mguu wa kiti? Unyooshe taratibu, usukume kichwa chake hadi kilie “tak”. Ukikichomoa, usichungulie ndani. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Kama bado ni nyekundu, huenda kukatika kuko nje, kwenye nguzo au njiani. Ukiwapigia kampuni, anza na maneno “LOS ni nyekundu”. Yatakuokoa ile robo saa ya zima, washa, zima, washa.