Methali Zikigombana

Nafundisha darasa la sita. Mwanafunzi kaniuliza: "Haraka haraka haina baraka, tena ngoja ngoja yaumiza matumbo. Ipi ya kweli, mwalimu?" Nimjibuje? (Mwalimu, Tanga)

Muulize naye: anayeambiwa ni nani? Methali husemwa na mtu, kwa mtu, penye jambo. Fundi anayepaka rangi ukuta ungali mbichi anastahili ile ya kwanza. Mgonjwa anayesogeza mbele safari ya zahanati wiki ya tatu sasa anastahili ya pili, na hata iliyo kali zaidi: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tatizo naliona katika ufundishaji wetu. Tunaandika nusu ya methali ubaoni, mtoto anamalizia nusu iliyobaki, anapata alama. Maneno anayajua, pa kuyasemea hapajui. Mpe kisa, achague methali mwenyewe, kisha aitetee.

Umoja ni nguvu, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kila mtu ana neno. Tushike ipi? (Mwanakikundi, Kilifi)

Wewe ni mtu wa pwani, basi twende jahazini. Kupandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni kazi ya mikono mingi. Mabaharia huimba ili wavute kamba kwa pamoja. Tanga likishapanda, amri ni ya nahodha mmoja. Wakiamuru wawili, chombo kinayumba ubavu kwa ubavu, na huko ndiko kwenda mrama. Methali zote mbili zimo katika chombo kimoja, safari moja.

Kikundini ni vivyo hivyo. Kuchanga na kutunga kanuni ni kwa wote. Vikundi vingi vina sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti: hapo wingi ndio ulinzi. Ila kikao kiwe na mwenyekiti mmoja, na akisema hoja imefungwa, imefungwa.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko kwetu mwezi wa nne. Mama mkwe ananiambia mgeni njoo mwenyeji apone. Mbona hasemi ya jembe? (Mke, Morogoro)

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Wengi huisikia kama kufukuzwa. Mimi naisikia kinyume: unayempa jembe umeshamhesabu wa nyumbani. Mpe shemeji kazi inayojulikana ni yake, maji, kuni au duka. Ila aanze kusema mumeo. Neno la kaka halitamchoma kama lako.

Namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake alifungwa kwa wizi. Majirani wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi nilifundishwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. (Mama mdogo, Nakuru)

Hizi sitazipatanisha. Ya nyoka ina mahali pake, kumwonya mtu asidharau adui kwa udogo wake, lakini kumbandika mtoto aliyefiwa na mama ni ukatili. Shika yako, na uiongezee samaki mkunje angali mbichi. Siku jirani akiirudia ya nyoka, mkatize palepale, mtoto akisikia.