Nenda hivyo hivyo, mwanangu

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Baba yako anakusalimu sana, anasema atakupigia mwenyewe, maana mambo ya kuandika ameniachia mimi siku zote. Tumeshukuru kusikia kwamba mkeo alipata usingizi juzi na maumivu yamepungua kidogo.

Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unasema tangu mkeo aanze kuumwa, kila Jumapili unasimama kanisani unaimba maneno ambayo moyo wako haumo, unaitikia "amina" ukiwa umekauka ndani, na unajiona mnafiki. Ukauliza: si afadhali nikae nyumbani kwanza, niache na kuomba, mpaka imani irudi?

Hapana, usikae nyumbani. Najua "mama kasema" haikutoshi tena siku hizi, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Wanafiki aliowasema Yesu walikuwa watu waliopenda kusali pembeni mwa njia kuu ili waonekane. Wewe unakaa benchi la mwisho na kutoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono (mkeo ameniambia, usimgombeze). Mtu anayejificha hivyo anamdanganya nani? Wewe umechoka, mwanangu. Umechoka na umeumia, na unajihukumu kwa kosa ambalo hukulitenda.

Chukua Biblia yako usome Zaburi ya 88. Nimeichagua hiyo makusudi. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kabla ya kwisha. Hata ile ya 13 inayoanza kwa "Ee BWANA, hata lini utanisahau?" inamalizia kwa kuimba. Hii ya 88 haigeuki. Mwandishi analia mchana na usiku, anamwambia Mungu wazi kwamba amemtupa na kumficha uso wake, kisha zaburi inaishia gizani. Waliozikusanya zaburi wangeweza kubandika mstari mmoja wa faraja pale mwisho, na hawakufanya hivyo. Wakaiacha vilevile iimbwe na watu wa Mungu kama zaburi nyingine zote. Imani iliyobaki mle ni ndogo sana: yule mtu bado anamsemesha Mungu. Anaanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu", halafu anamwaga yote. Bwana wetu naye pale msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Aliona ameachwa, lakini bado akasema "wangu".

Kwa hiyo usipoweza kusifu, lalamika. Ila mlalamikie yeye mwenyewe. Ayubu alisema maneno makali kuliko yote uliyoniandikia, mpaka rafiki zake wakamkemea. Wao walimtetea Mungu sura baada ya sura kwa hotuba nzurinzuri. Mwishoni Mungu akamgeukia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, akamwambia kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Mimi huwa nasema wale marafiki walifanya vizuri zile siku saba za kwanza, walipokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua vinywa.

Hapo ndipo nafika kwa yule mhubiri aliyekuja kwenu kumwombea mkeo. Niseme ukweli, nimekasirika, na baba yako ndiye aliyenizuia nisimpigie simu. Kumwekea mgonjwa mkono kichwani, halafu kutangaza mbele ya watoto kwamba ugonjwa hauondoki kwa sababu mna mashaka ndani ya nyumba! Kisha eti mpande mbegu, yaani mtoe sadaka ya fedha, ili mlango ufunguke. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; yeye alisema, akaaga, akaenda zake, na ninyi mkabaki kuhesabu mashaka yenu usiku kucha.

Sasa sikiliza. Mtume Paulo, huyo ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa kule Efeso wakapona, anamwandikia Timotheo katika waraka wa pili, pale kwenye salamu za mwisho ambazo watu huziruka: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Basi. Hakueleza sababu, hakumlaumu Trofimo, wala hakusema kulikuwa na mashaka katika msafara. Ndugu aliyesafiri naye aliugua, naye mtume akamwacha akiwa bado mgonjwa. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo la kumsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo. Na ile taabu ya Paulo mwenyewe, aliyoiita mwiba katika mwili, je? Aliomba mara tatu uondoke. Alichojibiwa ni "Neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki. Mtu akikwambia kwamba mwenye imani haugui, mwulize Trofimo alikosea wapi.

Sisemi Mungu haponyi. Namwomba amponye mkeo kila asubuhi, kwa jina lake, na sitaacha. Ninachokataa ni ugonjwa wake kugeuzwa mtihani wa imani yako, kana kwamba pumzi zake zinategemea wewe unajisikiaje Jumapili.

Na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, nataka uwe nalo kwenye karatasi. Katika Marko sura ya 9 kuna baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu. Wanafunzi walikuwa wamejaribu wakashindwa, watu wamejaa wanabishana, na yule baba amechoka kabisa. Anasema, "ukiweza neno lo lote, utuhurumie". Ukiweza! Yesu anamrudishia neno hilo hilo, naye analia kwa sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema yote mawili kwa pumzi moja. Yesu hakumwambia arudi nyumbani akaimalize imani yake kwanza, alimponya mtoto. Mashaka yalikuwepo, tena yametamkwa mbele ya umati, na hayakumzuia.

Ndiyo maana nakataa habari ya kukaa nyumbani ukingoja. Ungoje nini? Imani haikui kwa kukaa nayo peke yako chumbani. Nenda hivyo hivyo ulivyo. Wimbo ukikushinda, nyamaza uwaache wengine waimbe. Baba Yetu ikikukwama njiani, ishie hapo ilipokwama. Meza ya Bwana usiikwepe, maana imewekwa kwa wenye njaa.

Baba yako alipolazwa mwaka ule, ninyi mkiwa bado shule, nilikuwa siwezi kuomba. Nilikuwa nikifika "mapenzi yako yatimizwe" nanyamaza, kwa sababu niliogopa mapenzi yenyewe yangekuwa yapi. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi, sasa ni marehemu, alikuja jioni bila kubisha hodi sana. Hakunisomea andiko. Aliuliza kama nimekula, akaona sijala, akaingia jikoni. Baadaye akatandika shuka mezani akapiga pasi sare zenu zote, kola kwanza, halafu mikono, akizitundika moja moja mgongoni mwa kiti. Alipokuwa anafunga kilemba aondoke akasema, "Wewe lala. Kuomba kwa leo niachie mimi." Nikalala kweli.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona jambo hilo katika habari ya yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari. Imeandikwa kwamba Yesu alipoiona imani *yao* alimwambia yule mgonjwa, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Mgonjwa mwenyewe hatujui alikuwa anaamini kiasi gani, pengine alikuwa anaogopa kuanguka tu. Waliomshikia godoro ndio waliokuwa na nguvu siku hiyo. Wewe sasa uko kwenye godoro. Lakini ukijifungia ndani watakubebaje? Wakiuliza hali, usiwajibu "tunamshukuru Mungu" ukafunga mlango. Waambie kwamba usiku huu unahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa.

Na lala, tafadhali. Nabii Eliya alipomwomba Mungu amwue, chini ya ule mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mahubiri yalikuja baadaye sana, kule mlima Horebu. Ukiona giza linazidi, huli, hulali, unawaza kwamba heri usingekuwepo, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo na utuambie. Dawa haimpunguzii Mungu sifa.

Kama hali hiyo ya ukavu itaondoka lini, sijui. Sisi si Wakatoliki, lakini huwa namkumbuka Mama Teresa wa Kolkata, yule mtawa aliyehudumia maskini na wagonjwa. Baada ya kufariki mwaka 1997 barua zake zilichapishwa, na watu wakashangaa kuona kwamba kwa miaka mingi sana alikuwa akiomba bila kuhisi kwamba Mungu yupo karibu. Asubuhi aliamka akaenda kwa wagonjwa wake. Sikuambii hayo ili uogope miaka. Nakuambia ili usidhani ukavu ni dalili kwamba umekwisha kupotea.

Umeniuliza pia mtoto wenu mkubwa ajibiwe nini anapotaka kujua kama Mungu atamponya mama. Usimwahidi usilolijua. Mwambie mnamwomba Mungu amponye, madaktari wanafanya kazi yao, na lolote likitokea yeye hataachwa peke yake. Akitaka kumlilia Mungu kwa hasira, mwache alie, nawe ukae naye.

Nitakuja wiki mkeo atakapoanza matibabu mapya. Mambo ya shule, jiko na nguo niachieni mimi, wewe ukae naye hospitali. Jumapili tutakwenda kanisani wote, na kama unapenda lile benchi la mwisho tutakaa huko huko.

Mimi, mama yako.