Chenga za ukumbini, na fulu fremu ya kuuzia pikipiki

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga picha za harusi hapa Morogoro kwa Canon ya APS-C, ile ya sensa ndogo (sensa ni kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga), na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Mchana sina shida, ila ukumbini usiku picha zinajaa chenga, yaani vidoa kama mchanga. Nimekutumia moja uione. Muuzaji anasema sensa ndogo haioni gizani, dawa ni fulu fremu, kamera ya sensa kubwa, ya megapikseli 45. Nikiuza kamera hii na pikipiki, hela inatosha bodi (kamera bila lenzi) pamoja na lenzi yake ya kuanzia. Au nisubiri hizi sensa za tabaka zinazosifiwa?

JIBU: Marahaba. Pikipiki usiuze.

Picha yako nimeifungua. ISO 6400 (kiwango cha kukuza mwanga, kikipanda chenga zinaongezeka), shata 1/125 ya sekunde, lenzi kwenye milimita 55, yaani f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na hapo ndipo mwisho wake wa kufunguka. Sensa imepewa mwanga wa kibatari halafu inalaumiwa kwa kutoona. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ingepitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Ukumbi ule ule, shata ile ile, ISO ingeshuka hadi 640 hivi. Nayo ni lenzi ndogo ya plastiki, miongoni mwa za bei ya chini kabisa ambazo Canon wanauza. Itakubidi urudi nyuma hatua kadhaa, maana kwenye APS-C inavuta karibu. Na kwenye f/1.8 ukishika jicho la bibi harusi, bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma yake ataingia ukungu. Ukoo mzima upige kwa fleshi, uielekeze darini kama dari ni jeupe na halijaenda mbali.

Sasa hiyo dawa ya muuzaji, ambayo naisikia kila wiki hadi nimechoka. Fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Sensa yako (hii ya kamera, ile ya watu na makazi tuliimaliza 2022) ni kama 22.3 kwa 14.9. Eneo linazidi mara 2.6. Faida ipo, sibishi. Lakini lenzi za kuanzia za bei nafuu za fulu fremu nyingine zikivutwa hadi mwisho zinaishia f/7.1. Linganisha na f/5.6 yako, ile mara 2.6 inabaki mara 1.6. Umeuza pikipiki kwa mara 1.6, wakati lenzi ya plastiki ilikuwa inakupa karibu 10! Na hizo megapikseli 45 haziongezi hata tone la mwanga. Ukurasa wa A4 uliochapwa vizuri unataka kama megapikseli 9. Albamu ya nani inahitaji 45?

Sensa za tabaka, ambazo kamera ya Sony a9 ilizileta kwenye fulu fremu mwaka 2017, sifa yake ni kusoma picha haraka. Zinamfaa mpiga picha wa mpira, au anayetaka shata isiyo na sauti kanisani. Chenga haziponyi. Hata ile a9 III ya 2023, inayosoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, ISO yake ya kawaida inaanzia juu, 250. Kama shida yako ni mistari ambayo taa za LED huiacha kwenye picha, tumia shata ya kawaida kwenye 1/100 au 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz.

Kuna na wale wa programu za kufuta chenga. Wiki hii nimeletewa picha ya bibi harusi ambayo hina ya mkononi imefutwa pamoja na chenga, vidole vimebaki kama vya sanamu ya dukani. Mteja ameikataa, na haki yake.

Ukija kununua fulu fremu siku moja, itakuwa mtumba, kwa hiyo sikia hili. Kumbi siku hizi zina miale ya leza, na leza ikiingia kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa. Kijana mmoja aliniletea fulu fremu yenye mstari wa zambarau uliokatiza kila picha. Aliyemuuzia alimwambia ni lenzi, inasafishika. Nikavua lenzi, nikaweka yangu, nikapiga ukuta mweupe kwa f/16: mstari uko pale pale. Nikapiga tena na kifuniko kikiwa kimefungwa, shata sekunde 10, vikatokea na vidoa vyekundu kama upele. Majaribio yote mawili hayakufika dakika tano, na angeyafanya palepale dukani kabla ya kutoa hela. Sensa mpya niliyomtafutia bei ilikaribia bei ya kamera yenyewe.