Mjue mwenzako mkimya angali hai

Wewe unayeanza chuo, wiki za kwanza utawajua wachangamfu bila kutaka. Ninayetaka umtafute ni yule anayewahi darasani, anakaa pembeni na kuondoka bila kuaga. Sisi tulikuwa na mmoja wa namna hiyo, na sasa ni marehemu.

Taarifa ya msiba ilipotufikia, kundi la WhatsApp la darasa lilijaa "pumzika kwa amani". Kisha dada yake akaomba tumweleze ndugu yake alikuwaje darasani, maana nyumbani hakuwa msimuliaji. Kundi zima kimya. Watu waliosoma naye mwaka wa kwanza hadi wa mwisho hawakuwa na tukio hata moja la kueleza. Mmoja aliuliza kama ndiye yule wa miwani. Hakuwahi kuvaa miwani.

Mimi nilipangwa naye kwenye kazi za kikundi, kwa hiyo nilikuwa na la kuandika. Alitumia kalamu mbili: nyeusi kwa maneno ya mhadhiri, bluu kwa maswali yake mwenyewe, ambayo hakuyauliza kwa sauti. Aliyekosa kipindi kwa kuumwa alikuta nakala ya maelezo hayo kwenye kiti chake. Ukimwuliza jambo alinyamaza muda mrefu hata ukadhani hakusikia, kisha akajibu vizuri kuliko sisi sote. Kwa hiyo ukimwuliza mtu wa aina hii, subiri. Usimjazie jibu mdomoni. Wala usimlazimishe kuchangamka. Ukimya si majivuno, na mara nyingi si huzuni pia. Huyu wetu, kwa nilivyomwona, alikuwa ameridhika kabisa. Kaa karibu naye, mwulize kuhusu kazi mnayoifanya, mengine yatafuata.

Sidhani darasa letu lilikuwa na roho mbaya. Kila mtu aliamini kwamba yuko mwingine aliyemzoea. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo huwa nalikumbuka nikifikiria hili. Mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa vipaza sauti, kisha akasikia mmoja wao kana kwamba amepatwa na kifafa, ingawa ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Kati ya walioamini kwamba ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kuomba msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Kati ya walioamini kwamba wengine wanne wanasikia pia, ni asilimia 31 tu. Kwa hiyo mwenzako mkimya asipoonekana darasani, usiandike kwenye kundi "nani amemwona?" Mpigie wewe. Lijue jina lake kamili, si la utani tu, na ujue wa kumpata akiwa hapatikani kwa simu.

Mkipiga picha, mwite asogee mbele, halafu muandike majina. Katika picha zetu za mahafali anaonekana nusu, amezibwa na bega la mtu. Familia ilipotaka picha yake ya chuo hatukuwa na nzuri ya kuwapa, na hilo linaniuma hadi leo.

Na akifa kweli, andika ulichokiona. Wasifu wa kwanza uliotungwa kwa niaba ya darasa ulisema alikuwa mcheshi na kipenzi cha wote. Niliomba ufutwe, kwa sababu mama yake angesikia sifa za mtoto wa mtu mwingine. Tuliandika kwamba alikuwa mkimya, tukaeleza zile kalamu mbili. Usiogope pia kwamba umechelewa. Rambirambi humiminika siku za mazishi kisha hukoma, na barua inayofika miezi kadhaa baadaye, yenye jambo moja la kweli, hupata wasomaji wenye nafasi ya kuisoma. Ukiwa na daftari lake, waulize ndugu zake wanalitaka vipi kabla hujamwazima mtu.