Mkuu, simamisha hilo fuso la magugumaji kabla halijatoka Mwanza

Mleta uzi anasema ameagiza fuso la magugumaji mabichi kutoka Mwanza, ayakaushie Nala, hapa Dodoma, atengeneze mkaa mbadala. Anauliza bei ya mashine, soko, na kama mabaki yanalisha ng'ombe. Mkuu, njia hiyo nimeipita na mkopo wa VICOBA, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, bado naulipa.

Gugumaji bichi ni maji matupu, asilimia 90 hadi 95. Tani 10 ukizikausha unabaki na nusu tani, ukibahatika sana tani moja. Ukishaivumbika, yaani kuichoma kwa kuinyima hewa, iwe unga wa mkaa, zaidi ya nusu ya hiyo nayo imeondoka na moshi. Sasa weka dizeli ya karibu kilomita 700: Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni. Mwenzako nilikuwa nanunua Ziwa Victoria kwa awamu.

Aliyeniingiza mjini ni "mtaalamu" mmoja wa semina, hapa hapa Dodoma, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Alituonyesha picha za mitumbwi iliyokwama, akasema malighafi ni bure na jua la Dodoma ni bure, jumlisheni wenyewe. Tukajumlisha. Habari ya maji hakuigusa kabisa. Ada yake ya semina, hiyo aliipokea ikiwa kavu.

Jua lipo kweli, ila haliingii katikati ya lundo. Vikonyo vya huo mmea vimejaa vyumba vya hewa, ndiyo maana unaelea. Ukiubana kwenye bodi chini ya turubai unavunda kabla hamjafika Singida. Fuso letu lilichuruzika njia nzima, na Manyoni askari akauliza tumebeba nini kilichokufa. Nikamwambia ni nishati safi. Hakucheka. Kumwaga mzigo: juu pakavu, chini uji mweusi wenye funza, na jioni hiyo niko kwa mwenyekiti wa mtaa nashtakiwa na majirani. Kilichopona kikatoa mkaa wa majivu tele, unazimika maharage hayajaanza kuchemka. Mama watoto akarudi kwenye mkaa wa miti bila hata kuniaga.

Kwa hiyo shika hili: GARI LISIBEBE KITU KIBICHI. Kaushia huko huko ziwani. Katakata, tandaza safu nyembamba juu ya kichanja, geuza kila siku mpaka kikonyo kikikunjwa kinavunjika. Bora zaidi vumbika huko huko, uje na unga wa mkaa kwenye viroba. Dalali akikuambia bei ya tripu, mwambie unanunua kwa kilo, kavu, na mizani unakuja nayo. Utaona atakavyopungukiwa na maneno.

Tena huo mmea asili yake Amerika Kusini, ziwani umeonekana mwaka 1989 au 1990 hivi tu na angalia ulivyotapakaa. Kipande kimoja kinachipua, mbegu zinakaa kwenye tope miaka mingi zikiwa hai. Ukidondosha njiani mpaka ukafika Mtera, bwawa linalozalisha umeme, hapo hautakuwa mkopo wa VICOBA tena. Waulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla hujabeba hata kiroba.

Mashine nunua mwisho kabisa. Ya mkono na uji wa muhogo wa kugandishia vinatosha kuanzia. Na kama ni mkaa tu unaoutaka, maganda ya karanga na alizeti yako hapo hapo Dodoma, makavu tayari.

Dereva umeshampa kishika uchumba? Mpigie sasa hivi, kisha urudi hapa utuambie kasemaje.