GCS 15 haitoshi kumruhusu mgonjwa: kwa watarajali wapya

Wadogo zangu mnaoanza utarajali hapa Mbeya, wodi ya upasuaji itawaonyesha majeraha ya kichwa mapema. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya jiji, malori na bodaboda wanagombania lami ileile, na abiria wengi hawavai kofia ngumu. Baada ya muda mfupi mtakuwa mnahesabu alama za Glasgow (GCS), kipimo cha kiwango cha fahamu, bila kufikiri: macho 4, maneno 5, mwili 6. Sasa shikeni hili kabla hamjazoea: mtu mwenye alama zote 15 anaweza kuwa ameumia vibaya, na karatasi ya alama hizo isiwaambie.

Kipimo kile kinauliza kama mtu yu macho na anaelewa yuko wapi. Hakiulizi kama anaweza kupanga, kujizuia, au kubadili njia ya kwanza ikishindikana. Kazi hizo zinategemea koteksi ya prifrontali, yaani gamba la sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso na juu ya macho. Na hapo pana hatari yake: sakafu ya fuvu juu ya macho ina matuta na kingo, ubongo ukirushwa unajikwaruza hapo na kuvilia damu, hata kama pigo lilikuwa la kisogoni.

Kipimo ninachokiamini sana hakihitaji kifaa. Mwambie mgonjwa: nikigonga meza mara moja, nawe gonga mara moja, nikigonga mara mbili, usigonge kabisa. Mwache akurudishie maelekezo. Wengine watayasema sawasawa. Kisha unagonga mara mbili, na mkono wake unagonga mara mbili. Anasema, "Samahani daktari, nimekosea." Unarudia, naye anagonga tena. Tafadhali msiandike kwenye faili kwamba ni mkaidi. Mwanasaikolojia Brenda Milner, huko Montreal mwaka 1963, aliwapa wagonjwa waliokatwa sehemu ya ubongo wa mbele kadi za kupanga kwa rangi, umbo au idadi. Kanuni ilipobadilishwa, waliendelea na ile ya zamani, ingawa kila mara waliambiwa wamekosea.

Kwa nini mtu ajue kanuni na ashindwe kuifuata? Kwa sababu koteksi ya prifrontali haisogezi vidole wala haisikii mlio wa meza. Kuna sehemu nyingine za kazi hizo. Yenyewe inashikilia lengo lisipotee, na kuzielekeza sehemu nyingine kulingana na lengo hilo. Mwaka 1971 watafiti Joaquín Fuster na Garrett Alexander walionyesha kwamba seli za hapo kwa nyani huendelea kuwaka, yaani kutoa ishara, wakati chakula kimefichwa na mnyama anasubiri. Mwaka 2001 Earl Miller na Jonathan Cohen wakaeleza kwamba ishara zinazotoka hapo huipa nguvu njia dhaifu ishinde ile ya mazoea. Ni kama trafiki wa njia panda ya Mafiati jioni: haendeshi gari hata moja, lakini nani apite na nani asubiri kunategemea mkono wake. Kuiga ni mazoea. Kujizuia kuiga kunahitaji lengo lililoshikiliwa.

Pimeni na harufu. Neva za kunusa zimelala chini ya sehemu hiyohiyo ya ubongo. Kahawa ya Mbozi kidogo kwenye kikombe, macho yafungwe, pua moja baada ya nyingine. Spiriti haifai, kwa sababu inawasha pua na mgonjwa ataihisi hata kama hanusi.

Mgonjwa anayetukana atawasumbua, kwa hiyo hamtamsahau. Mimi namhofia zaidi yule mpole. Upande wa ndani wa ubongo wa mbele ukiumia, mtu hukosa msukumo: hadai chakula, hageuki, anajibu akiulizwa tu. Wodini anasifiwa kwa utulivu. Nyumbani atakaa kwenye kiti mpaka jioni, na ndugu watasema amekuwa mvivu, au amerogwa.

Kwa hiyo ongeeni na ndugu kabla ya kuruhusu. Swali langu kwa mke wa mgonjwa huwa: "Mama, kabla ya ajali nani alikuwa anashika hela ya nyumbani? Na sasa ungempa?" Akinyamaza, mmeshapata jibu ambalo picha ya CT ya kichwa inaweza isilionyeshe.

Mtasimuliwa habari za Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli Vermont, Marekani, ambaye mtaimbo ulimpenya kichwani Septemba 1848 na tabia ikabadilika. Mara nyingi husimuliwa nusu tu. Baadaye aliendesha magari ya farasi huko Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba na utaratibu wa kila siku. Ninaamini kabisa kwamba utaratibu huwasaidia watu hawa. Waelezeni ndugu: saa ileile ya kuamka, agizo moja kwa wakati mmoja, asiendeshe pikipiki mpaka apimwe tena, na ulanzi asiguse, maana pombe inadhoofisha kilekile kilichoumia.

Kadi ya kliniki mpeni ndugu anayekaa naye, na namba ya simu mnayoandika iwe ya ndugu huyo. Mgonjwa atawatajia tarehe ya kurudi bila kukosea, na siku ikifika asitoke nyumbani.