Kurasa nne za Lapides na mkwezi wa Pangani

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodi ya wanaume hapa Tanga, mapema tu mtampokea mkwezi aliyeanguka mnazi. Uti wa mgongo umeumia, miguu haina habari, kibofu nacho kimegoma. Mtamwekea mpira wa mkojo wa kukaa (katheta inayobaki ndani ya kibofu), na siku za mwanzo ni sawa kabisa. Kasheshe ni pale anaporudishwa Pangani na mpira uleule.

Mimi nilimruhusu mmoja hivyo, nikiwa mgeni kama nyinyi. Alirudi na homa, mkojo unavuja pembeni. Nilipoutoa ule mpira, ncha yake ilikuwa imeganda chenga nyeupe, inakwaruza kama msasa. Uso wa yule baba sijausahau.

Mkuu wangu wa zamu hakunigombeza. Alinipa makala ya Jack Lapides, daktari wa njia ya mkojo wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ya mwaka 1972: kurasa nne tu. Jina nilikuwa nalo mdomoni siku nyingi, makala yenyewe sikuwahi kuifungua. Msiige hilo.

Ili muone uzito wake, jueni kilichotangulia. Huko Uingereza, Guttmann na Frankel walikuwa wameshaonyesha mwaka 1966 kwamba kumtoa mkojo mgonjwa wa uti wa mgongo kwa vipindi (mpira unaingizwa, kibofu kinamwagwa, mpira unatolewa) kunasaidia, ila kwa masharti makali ya usafi wa chumba cha upasuaji. Lapides akasema mgonjwa ajitoe mkojo mwenyewe, kwa mpira ulio safi tu, hata kama haukuchemshwa. Hoja yake: kibofu kikijaa kupita kiasi, damu haipiti vizuri kwenye ukuta wake, na hapo ndipo vijidudu hupata mwanya. Kuchelewa kukimwaga ni hatari kuliko kijidudu kinachoingia na mpira. Wakubwa wengi wa fani walishtuka.

Ukiisoma leo utaona haina kundi la kulinganisha. Kwenye kikao chetu cha kusoma makala tungeichanachana. Nguvu yake ilikuja baadaye, wengine walipoijaribu. Watoto wengi waliozaliwa na mgongo wazi wakaepushwa na upasuaji wa kuhamishia mkojo utokee kwenye tundu la tumboni. Kwa hiyo mkipima uzito wa mtafiti, hesabu ya waliomnukuu itazameni, lakini ulizeni pia ni kitu gani kilibadilika kitandani. Tena someni majina yote: la nne pale, Betty Lowe, ni muuguzi. (Madaktari wa mafunzo huwa wanaliruka.)

Kumfundisha mgonjwa kujitoa mkojo msikufanye kwa maneno matupu dakika ya kuondoka. Kaa naye, anawe kwa sabuni, ajaribu mbele yako, apime kwa kikombe chenye alama. Ni kila baada ya saa 4 hadi 6, na mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Wakwezi hujifunza haraka, mikono yao inajua kushika.

Mmoja aliniuliza, "Sista, saa sina. Nitajuaje?" Nikamuuliza adhana anaisikia. Akacheka. Tukapanga alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala, tukaongeza saa tatu asubuhi kwa sababu kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni mbali. Chai ya usiku tulibishana sana, mwishowe akakubali kikombe kimoja.